Kariokor, Burma na Kipande: Vile Vita ya Wazungu Iliingia Hadi Jikoni kwa Guka Wako

Panda mat asubuhi Tassia ukienda tao. Pitia Donholm, ingia Jogoo Road, vumilia jam, na kabla ufike City Stadium makanga atagonga bodi aulize, "Burma kuna wa kushuka?" Wasee wa nyama wanashuka. Ukifika tao ukaunganisha ya kwenda upande wa Ngara, utaskia "Kariokor" pia.

Hayo majina umeyaskia tangu ukiwa mtoi, na pengine hujawahi kujiuliza yalitoka wapi. Burma ni nchi. Iko Asia, katikati ya India na Thailand, na siku hizi inaitwa Myanmar. Kariokor nayo si Kiswahili, si Kikuyu, si Dholuo. Ni Carrier Corps, jina la jeshi la wabebaji mizigo, vile masikio ya hapa yalilipokea. Hata Kariakoo ya Dar es Salaam ni jina hilo hilo.

Kwa hivyo kila siku unapita kwa mabaki ya vita mbili kubwa za dunia ukielekea kazi. Na hakuna hata moja ilipiganiwa Jogoo Road. Wacha nikuchanue.

Vita yoyote kubwa iko na mbele na nyuma. Mbele ni kule risasi zinalia, ile sehemu sinema hutuonyesha. Nyuma ni watu wengine wote: mathe anayelima, msee wa reli, fundi, chifu, mtoi anayechunga ng'ombe, hadi hao ng'ombe wenyewe. Askari mmoja akifyatua risasi, kuna watu wengi nyuma yake wa kumlisha, kumvisha, kumtibu na kumletea hiyo risasi. Ndiyo maana serikali ikiingia vita kubwa, kazi yake ya kwanza huwa ni wewe uliyebaki nyumbani. Inakuhesabu. Inaamua mikono yako ifanye nini, unga wako uende wapi na kwa bei gani, na habari gani zikufikie.

Waingereza walifanya hivyo kwao pia. Vita ya Pili ilianza Septemba 1939, na Januari 1940 sukari, siagi na nyama ya nguruwe zikaanza kutolewa kwa mgao. Desemba 1941 wakapitisha sheria ya kuita hata wanawake ambao hawajaolewa, wa miaka 20 hadi 30, kwa kazi za vita. Watu walilima viazi kwa bustani za maua. Ilikuwa ngumu, sikatai. Lakini hao watu walikuwa na kura, na hiyo kura utaona umuhimu wake tukifika mwisho wa vita. Huku kwetu mambo yalikuwa yale yale, bila kura.

Hesabu ya unga iliyoua watu

Vita ya Kwanza ilianza Agosti 1914. Hapa palikuwa koloni la Mwingereza, hapo Tanganyika koloni la Mjerumani. Mwezi huo huo Wajerumani wakavuka mpaka wakachukua Taveta. Novemba Waingereza wakajaribu kushuka Tanga na jeshi kutoka India, wakachapwa vibaya. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, hakuwa na jeshi kubwa, lakini alijua kuhepa. Aliwazungusha Waingereza miaka minne, akiwavuta kusini, mbali na reli.

Na hapo kwa umbali ndipo shida ilianzia. Barabara hazikuwa. Mbung'o walimaliza farasi, nyumbu na ng'ombe wa kuvuta mikokoteni. Ikabaki kichwa cha binadamu.

Piga hesabu rahisi na mimi. Mbebaji anabeba kilo 25 za unga. Anakula kilo moja kwa siku, kwa sababu hata yeye ni mtu. Kama askari wako mwendo wa siku 10, atakula kilo 10 akienda na kilo 10 akirudi. Zinabaki kilo 5 za kuacha kule. Kumaanisha kulisha askari mmoja kwa hizo siku 20 unahitaji wabebaji wanne, na bado hatujahesabu risasi, hema, na vitanda vya maofisa. Umbali ukifika siku 12 na nusu, mbebaji hana hata kilo moja ya kuacha kule, mzigo wote ni chakula chake cha kwenda na kurudi. Bila shaka kulikuwa na maghala, malori na vipande vya reli vya kusaidia, lakini mantiki ilikuwa hiyo. Kila Lettow-Vorbeck akirudi nyuma hatua moja, Waingereza wanahitaji watu maelfu zaidi. Na wote wa kutoka wapi? Huku nyuma.

Mwanzoni waliitwa kwa hiari. Halafu stori za huko zikaanza kurudi nyumbani, na hiari ikaisha. Mwaka 1915 ikapitishwa sheria ya kuwachukua kwa nguvu. Msimamizi wa hilo jeshi la wabebaji alikuwa Oscar Watkins, na Machi 1917 serikali ikampa John Ainsworth kazi ya kutafuta watu nchi nzima. Kwa miezi michache zaidi ya laki moja walikuwa wamechukuliwa.

Walichukuliwaje? DC anapewa idadi. DC anampa chifu idadi. Chifu anampa mkubwa wa kijiji. Na unajua vile huwa kazi ya idadi ikishuka mpaka chini: mtoto wa chifu hakuendi. Anaenda yatima, maskini, yule aliyekosana na wazee, yule hana ng'ombe wa kuhonga. Wanaume walilala porini, kwa hivyo wakuja usiku. Wanafunzi wa misheni za Ukikuyuni walipoona hakuna kuponyoka, walijiunga na kundi lao chini ya mmisionari John Arthur, wakaenda pamoja na watu wanaojuana kuliko kukamatwa mmoja mmoja. Si ati walikuwa wanapenda vita. Ilikuwa ni kuchagua shimo.

Kambi yao kubwa Nairobi ilikuwa pale pale Kariokor.

Malipo yalianzia rupia 5 kwa mwezi. Wakati huo huo kodi ya nyumba ilipandishwa kutoka rupia 3 hadi 5. Yaani mwezi wako mzima wa kubeba mzigo Tanganyika ulilipa paa moja la nyumba ya mamako.

Na hawakuuawa sana na risasi. Waliuawa na tumbo. Mtu aliyelelewa kwa viazi, ndizi na wimbi anapewa unga mgumu wa mahindi, hana kuni kavu, hana muda wa kuupika uive, na kesho anaamkia kilomita nyingine. Kuhara damu kukawamaliza. Malaria ikachukua wengine, na baridi ya usiku ikaleta nimonia. Kwa wale waliotoka Kenya pekee, makadirio ya wanahistoria yanazunguka watu 45,000. Lettow-Vorbeck alisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kuisha Ulaya. Wale waliobaki hai wakarudi na homa kali ya mafua iliyozunguka dunia, wakakuta mashamba yalilimwa na wanawake na watoto miaka miwili, mitatu, na njaa iko mlangoni.

Pesa za wengi waliokufa hazikuwahi kufika kwa familia zao.

Ukipita Kenyatta Avenue kuna sanamu ya wanaume watatu, imesimama hapo tangu 1928. Mmoja wao ni mbebaji. Chini yake kuna maneno kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza yanayoahidi kwamba hata ukifa, wanao watakumbuka jina lako. Hayo majina hayakuandikwa popote hapo. Mwaka 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti na kuomba msamaha: watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa.

Lakini kuna kitu kimoja serikali ilikumbuka. Mwaka 1915, katikati ya hiyo vita, ilipitisha sheria ya kusajili wanaume Waafrika, na kuanzia 1919 ikaanza kuitekeleza. Kila mwanaume wa miaka 16 kwenda juu alitakiwa kubeba karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara na tarehe. Iliwekwa kwa kijisanduku cha chuma kinachoning'inia shingoni. Ukiacha kazi bila mzungu kuweka sahihi, wewe ni mtoro. Hiyo ndiyo kipande. Karao akikusimamisha leo Outering saa tano usiku akuitishe kipande, anatumia neno la enzi hizo. Harry Thuku alipopinga kipande na mishahara kukatwa, alikamatwa, na tarehe 16 Machi 1922 watu waliokuja kumdai nje ya kituo cha polisi Nairobi walipigwa risasi. Mary Muthoni Nyanjiru alikuwa mmoja wa walioanguka.

Kwangu hiyo ndiyo sehemu inauma kuliko zote. Vita iliisha, lakini mazoea ya kuhesabu watu na kuwasukuma kazini yalibaki, yakapewa afisi.

Raundi ya pili: mahindi, mkonge, ng'ombe

Septemba 1939 tena. Juni 1940 Italia ikaingia upande wa Ujerumani, na Waitaliano walikuwa Ethiopia na Somalia, yaani mpakani kabisa. Julai wakachukua Moyale. Mwezi Mei serikali ilikuwa tayari imepiga marufuku chama cha Kikuyu Central Association pamoja na vyama vya Wakamba na Wataita, na viongozi wao wakazuiliwa Kapenguria. Ni kawaida ya serikali yoyote iliyo vitani: ukinyamazisha huku nyuma mapema, hutaulizwa maswali baadaye.

Halafu ikajaza hiyo kimya na sauti yake. Gazeti la Baraza kwa Kiswahili lilianza 1939. Redio ikaanza kutangaza kwa lugha za Kiafrika, ndiyo familia za askari zipate habari za vita, na magari ya sinema yakazunguka vijijini. Kwa hivyo ukiona mbuyu akiwasha redio saa moja jioni na kunyamazisha keja nzima, hiyo tabia ina historia ndefu.

Karibu Wakenya 98,000 waliingia jeshini raundi hii. Walipigana Ethiopia, Madagaska, na mwaka 1944 divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikaingia Burma, ikapenya bonde la Kabaw kwa mvua na matope ikiwafukuza Wajapani. Februari mwaka huo meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikielekea Sri Lanka, ilizamishwa na nyambizi ya Japani karibu na Maldives. Watu karibu 1,300 walikufa, wengi wao askari wa Afrika Mashariki.

Huku nyuma sasa ndiyo kulikuwa na sarakasi. Wajapani walipochukua Ufilipino na Java, Waingereza na Wamarekani walipoteza nyuzi za kutengenezea kamba za meli. Ghafla mkonge wa Afrika Mashariki ukawa kama dhahabu. Pareto, dawa ya kuua mbu na chawa, kabla ya vita ilitoka sana Japani. Sasa ikatoka Kenya. Mashamba yalikuwa ya walowezi. Mikono ikakosekana, kwa sababu vijana wengi wako jeshini, na walowezi hawakutaka kuongeza mshahara ili kuvuta watu. Basi serikali ikawafanyia kazi: kuanzia 1942 ikachukua Waafrika kwa lazima na kuwapeleka kwa mashamba ya watu binafsi ya mkonge, pareto na sukari, kwa jina la vita. Soma tena. Kwa mashamba ya watu binafsi. Mdosi anapata faida, wewe unapewa notisi ya serikali.

Mahindi nayo iliwekewa bodi ya kudhibiti mwaka 1942. Mlowezi alihakikishiwa bei, na ilikuwa juu kuliko ile mkulima Mwafrika alipata kwa gunia la mahindi yale yale. Ng'ombe walichukuliwa kwa idadi, kama wabebaji wa zamani, ndiyo jeshi lile nyama. Karatina na Kerugoya zikajengwa viwanda vya kukausha mboga za askari, na wakulima wa huko walipanda kabeji na karoti kwa bidii, doh ikaingia, halafu vita ikaisha na soko likafungwa. Mwaka 1943 mvua ikakataa. Mahindi yakapungua nchi nzima, na hapa Nairobi unga ukapimwa kwa mgao huku watu wakizidi kuingia mjini kutafuta vibarua. Mambo yalikuwa mabaya hadi serikali ikaunda tume ya kuchunguza chakula kilienda wapi.

Mombasa nayo ilifura. Mwaka 1942 meli za kivita za Uingereza zilihamia Kilindini, na katika shule ya Allidina Visram kulikuwa na wajuzi wa kufungua siri za mawasiliano ya Wajapani. Hapa Nairobi ndege za kijeshi zilikuwa Eastleigh. Waitaliano waliotekwa walipewa mjengo: ile barabara ya Mai Mahiu unayoteremka ukienda Naivasha ni yao, pamoja na kanisa dogo walilojenga hapo kando mwaka 1942.

Nani alilipwa

Sasa rudi kwa ile kura. Mwingereza wa kawaida alikula mgao, akachimba bustani, akatuma bintiye kiwandani, na vita ikiisha akadai deni lake kwa sanduku la kura. Tarehe 5 Julai 1948 hospitali zikawa bure kwa kila mtu. Nyumba za halaiki zikajengwa. Serikali ilikuwa imechukua sana, ikalazimika kurudisha.

Kenya pia watu walilipwa, ila chagua ni nani. Baada ya vita ya kwanza, askari wazungu walipewa ardhi kwa mpango wa 1919. Baada ya ya pili, ukaja mpango mwingine wa kuleta walowezi zaidi. Askari Mwafrika aliyetoka Burma akiwa amejua kuendesha lori, kutumia redio na kuona Mzungu akilia kwa woga, alirudi akapewa kipande chake kile kile cha shingoni. Wengi hawakutaka kurudi ocha. Wakabaki Eastlands, wakafungua vibanda, na hivyo Burma ikapata jina.

Wengine walikasirika kabisa. Bildad Kaggia alikuwa amehudumu Mashariki ya Kati na kuona Uingereza. Waruhiu Itote alikuwa Burma, na baadaye akaingia msituni kama Jenerali China. Serikali ikatangaza hali ya hatari Oktoba 1952, ikajaza kambi na wafungwa wa Mau Mau, na ikawatumia kama vibarua kujenga uwanja wa ndege wa Embakasi, uliofunguliwa 1958. Huo ndio mwanzo wa uwanja ambao ndege zake zinapita juu ya Tassia usiku ukijaribu kulala.

Nakuambia haya yote kwa sababu kuna nchi iko vitani saa hii, na imefika Mombasa Road.

Urusi iliingia Ukraine kwa nguvu zote Februari 2022, na vita ndefu inakula mikono, mbele na nyuma. Septemba 2025 polisi walivamia nyumba Athi River wakatoa Wakenya zaidi ya 20 waliokuwa wakingoja kupelekwa Urusi. Novemba serikali yetu ikasema Wakenya zaidi ya 200 huenda wako kwa hiyo vita. Wengine wamesimulia kwamba waliahidiwa kazi ya kawaida kabisa, wakafika wakapewa mkataba wa Kirusi wasioweza kusoma, wiki chache baadaye wako kwa mtaro. Na madem nao wana yao. Mpango unaoitwa Alabuga Start unatangaza kazi na mafunzo kwa wasichana wa miaka 18 hadi 22 kutoka Afrika, Kenya ikiwemo. Mwaka 2024 shirika la habari la Associated Press lilichunguza likakuta wengi wanaunganisha droni za kivita kwa kiwanda huko Tatarstan, na ngozi zao zinaungua na kemikali. Kiwanda hicho kimeshapigwa na droni za Ukraine.

Hao wasichana hawako mbele. Wako nyuma ya vita, mahali guka alikuwa. Tofauti ni kwamba yeye alifuatwa usiku na watu wa chifu, na wao wamefuatwa na tangazo kwa simu, wakati keja iko na deni la miezi miwili na mathe anauliza kama kuna kitu.

Ukipata hiyo meseji, ajenti anayepeleka watu kazi nje lazima awe amesajiliwa na National Employment Authority. Orodha iko kwa tovuti yao, na kuangalia jina ni bure. Itisha mkataba kwa lugha unayoelewa kabla upeane pasipoti, sio ukiwa umeshashuka huko. Na kama unashawishiwa na msee unayemjua wa mtaa, muulize analipwa ngapi kwa kila kichwa anachopeleka.